Inchi Sita na Sehemu ya Kusikiliza

Kiwanda cha misumari hakina mnong'ono. Ukitaka kumsengenya mtu mle ndani inabidi utumie uso mzima: midomo uipanue kama unayemlisha mtoto uji, nyusi uzipandishe, mkono uoneshe urefu wa anayesemwa au tumbo lake, na habari imefika. Sauti haina kazi. Mashine moja ya misumari inaugonga waya kichwa na kuukata ncha kwa pigo moja, na mle zimepangwa safu mbili, zote zinagonga kwa pamoja tangu asubuhi mpaka chakula. Hata kengele ya chakula ni taa nyekundu ukutani, maana kengele ya kweli ilikuwa inalia peke yake hakuna anayeijali, ikang'olewa. Wanawake wa mle wanapiga soga kutwa nzima, wanachekana, wanagombana na kupatana, na hutasikia neno. Mgeni akiingia anadhani wanamfanyia mchezo wa kuigiza.

Humo ndimo alimokuwa anafanya kazi Inchi Sita. Ukiambiwa ni mrefu na mwembamba, hutauliza jina lilitoka wapi. Wiki aliyoajiriwa alibatizwa na mwanamke wa mashine ya jirani, mfupi na mgumu, ambaye naye hakuachiwa, akaitwa Kokoto. Wakawa chanda na pete. Kazi ya Inchi Sita ilikuwa kupachika roli la waya, kuangalia vichwa vya misumari vinakaa sawa, na kuisimamisha mashine vikianza kupinda. Uongozi uliwahi kuleta vizibo vya masikio, vya sponji, vya rangi ya machungwa. Vilivaliwa siku wageni walipokuja kukagua. Baada ya hapo vingine vikaishia kuziba matundu ya mende majumbani, na mmoja wao, sitamtaja, alivitia kwenye miguu ya meza iliyokuwa inayumba. Wenyewe walikuwa wanasema mashine unaizoea. Mwaka wa kwanza kichwa kinauma, wa pili hakiumi tena, na asiyeumwa aende hospitali kutafuta nini?

Sasa, huyu Inchi Sita alitaka kuwa mkutubi. Usicheke, wengi wameshacheka. Siku moja alikwenda chuoni kupeleka, kwa niaba ya dada yake mwenye duka, mzigo wa ndoo za plastiki zilizoagizwa kwa ajili ya usafi, akapotea njia, akajikuta mlangoni mwa maktaba. Akamwona mwanamke amekaa nyuma ya meza ndefu, nguo safi, anapiga mhuri kitabu taratibu, anakifunga, anachukua kingine. Hakuna kilichokuwa kinatikisika. Inchi Sita alisimama pale na ndoo zake mpaka akaulizwa anamtafuta nani. Aliporudi kiwandani kesho yake akamwambia Kokoto, kwa midomo, kwamba ameiona kazi yake. Kokoto akamjibu kwa midomo vilevile kwamba kazi ya kulinda karatasi ni ya watu wavivu, na kwamba akiipata amtafutie na yeye.

Akaomba kusomea ukutubi, na chuo kikavikubali vyeti vyake vya zamani. Kilichobaki ni mtihani wa umahiri wa Kiingereza, wenye sehemu mbili, kusoma na kusikiliza, na kila sehemu lazima uifaulu peke yake. Kusoma hakukumpa taabu. Alikuwa msomaji tangu utotoni, wa magazeti ya kufungia vitu na chochote kilichoandikwa, na alama zake za kusoma zilikuwa za kumtoa mtu macho. Kusikiliza alianguka. Akarudia, akaanguka tena, tena vibaya zaidi ya mara ya kwanza. Chuo kikamjulisha kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akishindwa, nafasi yake anapewa mwingine na yeye haombi tena. Maana yake ni misumari mpaka uzeeni. Alilijua hilo vizuri, na cha ajabu ni kwamba halikumtisha. Halikumfanya chochote.

Hapo ndipo pa kueleza hali yake. Tangu mama yao azikwe, kama miaka miwili hivi nyuma, Inchi Sita alikuwa amekufa ganzi. Si kwamba alikuwa analia. Angelia wangejua la kufanya. Alikuwa anakula akipewa chakula, anafua nguo zikichafuka, anakwenda kazini na kurudi. Dunia ilikuwa imemhama ikakaa mbali kidogo, kama inayoonekana kupitia kioo cha dirisha. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na yeye anagundua asubuhi, kwa kuona matope. Alikuwa anaishi na dada yake mkubwa, mwenye duka la vyombo vya plastiki, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo mbaya, na dada alikuwa anamwambia wazi kwamba amegeuka gogo. Unalisemesha gogo, unaliita lije mezani, halina habari. Halafu likiwasha televisheni linaipandisha sauti mpaka majirani wanajua taarifa ya habari bila kuwasha ya kwao.

Majirani nao wakaongeza lao. Wakasema tangu aanze Kiingereza anajivuna, unampa habari za asubuhi anapita kama hajaona mtu. Yakamfikia, maana dada hakuwa mtu wa kuficha jambo. Inchi Sita akasema labda. Alikuwa ameshajipa jibu lake moyoni: ni huzuni. Mama ameondoka na sauti zimeondoka naye, watu wanafiwa na hivi ndivyo kufiwa kulivyo. Hakulalamika. Kwa namna fulani aliuona ukimya ule kuwa heshima anayompa mama yake, na akaukalia.

Basi kila akitoka kazini, akishaoga vumbi la chuma, alikuwa anakaa kitandani na kuvaa hedifoni, akafungua rekodi za mazoezi kwenye simu. Zile rekodi unazijua kama umewahi kupita njia hiyo. Mwanamume na mwanamke wanaulizana habari za treni. Mwanafunzi amepoteza begi. Profesa anaeleza maisha ya nyuki kana kwamba nyuki wamemkosea. Inchi Sita alikuwa anasikia mvumo tu, mtu anayeongea huku ana mkate mdomoni. Mwanamume alisikika afadhali. Mwanamke alikuwa anapotea, anarudi, anapotea tena. Alikuwa anairudisha rekodi nyuma, anaisikiliza upya, anairudisha tena, halafu anaweka kivuli kwenye duara moja kati ya manne na kwenda swali linalofuata. Hakuwa anaumia. Alikuwa anaweka kivuli kwa uangalifu, duara likijaa vizuri bila kutoka nje ya mstari, na hiyo ilikuwa raha yake pekee ya jioni.

Akajitengenezea na mbinu. Alisoma maswali kabla, akaangalia ni akina nani wanaozungumza, akabahatisha. Mwanamke akiongea haraka, ni ratiba. Mwanamume akisita, amechelewa mahali. Wakicheka wote wawili, jibu ni lile refu kuliko yote. Kuna siku mbinu zilimpa nusu ya alama, na dada akampikia.

Mwalimu wake wa darasa la jioni alikuwa mzee mstaafu, hodari wa kunyoa ndevu zake, kidevu kinang'aa. Naye alikuwa na desturi yake: kabla ya kuwasha spika, kifungu cha kwanza alikuwa anakisoma mwenyewe, amesimama mbele, anatamka kila neno kama anayemhesabia mtu chenji. Inchi Sita alikuwa anakaa benchi la mbele kabisa, na kwenye kifungu hicho hakukosa hata swali. Halafu spika ikiwashwa, sifuri. Mwalimu akaliwaza jambo hilo sana. Akahitimisha kwamba ni hofu ya mashine. Akamwambia avute pumzi, anywe maji, ajipige moyo konde. Inchi Sita akavuta pumzi, akanywa maji. Wiki moja mwalimu aliumwa, akaja wa kumshikia nafasi, kijana mwenye ndevu zilizomfunika mpaka mdomo wa juu, na huyo naye alisoma kwa sauti yake mwenyewe, wala si mashine, na Inchi Sita hakuambulia kitu. Akadhani mwalimu yule hajui kutamka. Hakumwambia mtu.

Mambo yalifumuka siku ya jaribio la mwisho kabla ya mtihani. Mwalimu alikuwa ameunganisha simu yake kwenye spika, akawaambia wanafunzi wakae tayari, akabonyeza. Ila mzee wa watu vidole vyake na simu havikuwa vinaelewana. Badala ya kifungu cha mtihani ikatoka sauti aliyotumiwa na mkewe mchana ule, kwa Kiswahili safi, ikijaa darasa zima: kwamba asisahau vitunguu, na kwamba viatu vyake alivyovivua mlangoni vimefukuza wageni. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akawa anahangaika kuizima, na kadiri anavyobonyeza ndivyo mkewe anavyoendelea, sasa amefika kwenye soksi.

Inchi Sita hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye karatasi ya majibu, anaweka kivuli.

Alishajaza maduara kadhaa alipoona kivuli cha mwalimu juu ya meza yake. Akainua uso. Wenzake walikuwa wanamcheka sasa yeye, wengine wamelala juu ya meza. Mwalimu peke yake alikuwa ameacha kucheka.

"Huyo alikuwa anasema nini?" akamuuliza.

"Ni mwanamke," akajibu Inchi Sita. "Anaeleza ratiba ya treni."

Kicheko kikapanda mpaka darini. Mwalimu akakikata kwa mkono, akawaambia watoke nje wapunge hewa. Walipotoka akachukua kitabu, akakishika mbele ya mdomo wake, na Inchi Sita akaona kingo za mashavu ya mzee zikicheza nyuma ya jalada. Akasubiri. Mwalimu akashusha kitabu.

"Nimekuuliza umekula nini mchana," akasema. "Nimekuuliza kwa Kiswahili, binti yangu. Na nimekuuliza kwa sauti."

Inchi Sita akasema hakusikia vizuri, kuna kelele. Akageuka kuiangalia hiyo kelele iko wapi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Kliniki ya masikio alipelekwa na dada yake, ambaye njia nzima alikuwa anagomba kwamba ni nta tu, kwamba watu siku hizi kila kitu hospitali. Mtaalamu, mwanamke mwenye miwani na subira, akamwingiza Inchi Sita kwenye kichumba kilichobanwa kila upande, akamvisha hedifoni kubwa na kumpa kitufe. Kila akisikia mlio, abonyeze. Inchi Sita akakaa na kitufe chake. Akasikia mvumo wa chini, akabonyeza. Akasikia mwingine, akabonyeza. Kisha akakaa sana. Akaangalia ukuta, akaangalia kucha zake, akawaza kwamba roli la waya la kesho lilikuwa na kutu upande mmoja. Mlango ulipofunguliwa akauliza kwa adabu kama wanaanza sasa. Mtaalamu akamwambia wameshamaliza.

Akawaeleza kwa kuchora. Sauti za chini bado anazo, ndiyo maana mashine anazisikia na mwanamume mwenye sauti nzito anamsikia. Za juu zimekwenda, na za juu ndizo zinazomtofautishia mtu neno na neno. Zimekwenda polepole, miaka kwa miaka, kwa sababu ya kelele, na hazirudi. Atapewa kifaa cha kumsaidia, si cha kumponya. Akamuuliza imekuwaje asigundue. Inchi Sita akafikiri, akajibu kwamba kazini wanaelewana vizuri sana.

Dada ndiye aliyelia. Alilia palepale kwenye kiti cha kliniki, akipigapiga goti lake kwa kiganja, akisema gogo, nimemwita gogo, mtoto wa mama yangu nimemwita gogo. Inchi Sita akawa anamtazama akilia. Akampa kitambaa. Alikuwa anawaza jambo moja na halikuwa la dada wala la mtihani. Alikuwa anawaza kwamba kumbe haukuwa msiba. Miaka yote miwili amekaa ndani ya ukimya ule akidhani anamwomboleza mama, na ilikuwa ni misumari. Sasa mama yake amebaki bila maombolezo. Alitaka jambo hilo limuume, akalisubiri limuume, halikuuma.

Mwalimu hakukaa bure. Alivaa suti yake ya kustaafia, akaenda chuoni na karatasi ya daktari, akawasumbua mpaka wakakubali kwamba mwombaji huyu asifanyiwe mtihani kwa spika. Asomewe, kifungu kilekile, na mtu aliyekaa mbele yake. Siku yenyewe Inchi Sita akakuta chumba kitupu, meza moja, viti viwili, na binti mmoja wa ofisini aliyepaka midomo rangi nyekundu ya kukolea. Inchi Sita akaiangalia ile midomo, akaona haitampa shida. Binti akasoma. Treni ikaja, begi likapotea, nyuki wakafanya mambo yao. Maneno yalikuja moja moja, wazi, kama watu wanaoingia mlangoni kwa zamu, na yote alikuwa anayajua tangu zamani. Akaweka vivuli vyake, akamshukuru binti, akarudi nyumbani.

Akafaulu. Dada alicheza dukani mpaka akaangusha mnara wa mabeseni. Mwalimu alitikisa mkono wake bila kuuachia, akamwambia kwa midomo mikubwa, sasa kwa kuwa anajua, kwamba hakuwahi kuwa na mwanafunzi kama yeye. Majirani wakaja kusalimia, wengine kwa aibu. Inchi Sita akawashukuru wote. Akala, akaosha vyombo, akalala. Alisema anafurahi kwa sababu ndivyo mtu anavyosema, na akashangaa kuona wanamwamini.

Zilibaki ovaroli na buti za kiwanda. Akafua ovaroli, akasugua buti, akavipeleka. Aliingia getini wakati wa chakula, mashine zimezimwa, na kifaa cha kliniki kikiwa sikioni. Alikuwa bado hajakizoea. Kilikuwa kinamletea sauti za hovyo hovyo, changarawe chini ya viatu vyake, mfuko wa nailoni ukisuguana na mguu, njiwa juu ya paa. Hakujua kama uwanja wa kiwanda una njiwa.

Kundi lake lilikuwa limekaa kwenye masanduku ya mbao, wamempa mgongo, wanakula wakiwa wameelekea ukutani. Na walikuwa wanapiga kelele. Hilo lilimsimamisha. Mashine zimezimwa, wamekaa bega kwa bega, na bado kila mmoja alikuwa anamfokea mwenzake kwa sauti ya kuvuka mto, Kokoto kuliko wote, na hakuna aliyeona ajabu. Inchi Sita alikula pale miaka yote hiyo na siku zote alidhani wanaongea taratibu.

Akaita. Akasema, "Kokoto."

Kokoto akaendelea na chakula chake. Inchi Sita akasogea, akaita tena kwa nguvu, akaona labda amezama kwenye soga, akamwita wa pembeni yake kwa jina lake la utani, akamwita na wa pembeni ya huyo. Akawa amesimama karibu kiasi cha kuwagusa. Akawaita wote, mmoja mmoja, kwa majina waliyopeana mle ndani, mengine aliyatunga yeye. Migongo ikabaki ilivyo. Aliyegeuka ni mmoja tu, binti aliyeajiriwa mwezi uliopita, ambaye hata jina la utani hakuwa amepewa. Akamwangalia Inchi Sita, akawaangalia wenzake, akamwangalia tena, kijiko kikiwa hewani.

Ndipo Inchi Sita akalia. Hakulia kwa mama wakati wa mazishi, hakulia kliniki, hakulia kwa kufaulu. Yalikuja yote pamoja, machozi na kamasi, akiwa amekumbatia ovaroli, na aliumia kifuani kama aliyebeba roli la waya. Iliuma hasa. Alikuwa amesahau kwamba kuna kitu kinaweza kuuma hivyo.

Kokoto akaona macho ya yule binti yanatazama nyuma, naye akageuka. Uso ukamjaa furaha. Hakuyaona machozi mara moja, jua lilikuwa linampiga.

"We mwanamke unanyatia watu kama paka," akafoka, akicheka. "Si ungeita?"

"Nimeita," akasema Inchi Sita.

Kokoto akamtazama midomo, kama walivyozoea, akisubiri utani umalizike. Inchi Sita akalirudia neno lile bila sauti, kwa midomo tu, polepole, kwa lugha yao ya mle ndani. Kokoto akaacha kutafuna.